Mgonjwa Asiyesema: Mwenye Mbwa au Paka Aendapo Hospitali ya Wanyama

Utangulizi

Mtu anapougua huweza kumweleza tabibu mahali panapomuuma, siku maumivu yalipoanza na chakula alichokula. Mbwa na paka hawana uwezo huo. Zaidi ya hayo, wanyama wengi, na hasa paka, huficha udhaifu wao kwa silka, kwa kuwa porini mnyama aonyeshaye ugonjwa huwa mawindo ya wengine. Paka anaweza kuwa mgonjwa kwa siku kadhaa huku akionekana tu kuwa amependa kulala mvunguni.

Kwa sababu hiyo, kazi ya uchunguzi katika hospitali ya wanyama hufanywa na watu wawili: daktari na mwenye mnyama. Daktari ana elimu na vyombo. Mwenye mnyama ndiye aliyeona yaliyotokea nyumbani. Makala haya yanaeleza mambo yanayofanyika hospitalini humo, hatua kwa hatua, pamoja na sababu ya kila moja.

Utabibu wa wanyama ulianza kufundishwa katika chuo maalumu kilichoanzishwa mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, chini ya uongozi wa Claude Bourgelat. Haja kubwa ya wakati huo ilikuwa kupambana na sotoka, maradhi yaliyoangamiza ng'ombe wengi na ambayo yalitangazwa kuwa yametokomezwa duniani mwaka 2011. Nchini Tanzania, mafunzo ya shahada ya fani hiyo yalianza Morogoro mwaka 1976, mahali ambapo mwaka 1984 palikuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wananchi wengi wamezoea kumwona daktari wa mifugo akija zizini. Mbwa na paka, kinyume chake, hupelekwa kwake. Na safari hiyo huhitaji matayarisho.

Matayarisho ya nyumbani

Mbwa afungwe kamba imara, na paka awekwe katika tenga au kikapu chenye mfuniko. Jambo hili si la adabu tu. Mnyama aliyetishika moyo wake huenda mbio, joto lake huweza kupanda, na katika paka hata kiasi cha sukari katika damu huongezeka. Vipimo vya mnyama wa namna hiyo huweza kumpotosha daktari.

Mwenye mnyama achukue cheti cha chanjo, dawa zote zilizokwisha kutumika na, kama mnyama anaharisha, kinyesi kibichi kidogo katika chombo safi. Ikiwa yashukiwa kuwa mnyama amekula sumu, pakiti au chupa ya sumu hiyo ichukuliwe pia, kwani tiba ya sumu moja huweza kuwa madhara kwa nyingine.

Dawa za binadamu zisitolewe kwa kubahatisha. Parasetamoli, ambayo watu wengi huimeza bila hofu, ni sumu kali kwa paka. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja dawa hiyo. Mabaki yake huharibu chembe nyekundu za damu, zikashindwa kuchukua oksijeni. Vivyo hivyo, baadhi ya dawa za kuulia kupe wa ng'ombe na viroboto wa mbwa, hasa zile zenye pamethrini, humletea paka mitetemeko na degedege, na huweza kumwua.

Mapokezi na mzani

Mnyama afikapo huandikishwa jinsi yake, umri wake na sababu ya kuletwa kwake, kisha hupimwa uzito. Mzani ni chombo cha lazima, kwa kuwa dawa nyingi hutolewa kwa miligramu kwa kila kilo ya mwili. Kwa mfano wa hesabu tu, ikiwa kipimo cha dawa fulani ni miligramu 10 kwa kilo, mbwa wa kilo 12 atahitaji miligramu 120, na paka wa kilo 3 atahitaji miligramu 30. Anayekisia uzito kwa macho hukisia na dawa.

Wagonjwa hawahudumiwi nyakati zote kwa kufuata zamu ya kufika. Mnyama anayevuja damu nyingi, anayeshindwa kupumua, mwenye degedege, aliyekula sumu au aliyekwama katika uzazi hutangulizwa. Hutangulizwa pia paka dume anayejikamua bila kutoa mkojo. Mara nyingi wenyewe hudhani amefunga choo, kumbe njia ya mkojo imeziba. Na hali hiyo huweza kumwua katika muda wa siku chache.

Maswali ya daktari

Wengi hushangaa daktari anapouliza maswali mengi kabla ya kumgusa mnyama. Huuliza ugonjwa ulianza lini, mnyama anakula na kunywa kiasi gani, anatapika au anaharisha, amechanjwa lini, analala ndani au huzurura, amepata kupigana na mbwa wa nje, na nyumbani mna dawa ya panya au la.

Mfano mmoja waonyesha uzito wa maswali hayo. Mbwa aletwa akiwa amelegea taya, mdomo wazi, udenda ukimtoka, hawezi kumeza. Mwenyewe aeleza kwamba mfupa umemkwama kooni, na kwamba amekwisha kujaribu kuutoa kwa mkono. Huenda ni kweli. Lakini dalili hizo hizo ni za kichaa cha mbwa cha namna ya kupooza, na virusi vya ugonjwa huo hukaa katika mate. Daktari akijua kwamba mbwa huyo hajachanjwa, na kwamba aliumwa na mbwa asiyejulikana wiki kadhaa zilizopita, hatatia mkono mdomoni mwake. Na mwenyewe ataelekezwa mara moja hospitali ya watu. Jibu moja la kweli laweza kuokoa uhai wa mtu.

Kwa hiyo mwenye mnyama asione haya kusema kwamba alisahau chanjo, au kwamba alitumia dawa ya mitaani. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Uchunguzi wa mwili

Baada ya maswali, daktari humkagua mnyama tangu puani hadi mkiani. Hutazama macho, masikio, meno na ngozi. Hupapasa tezi na tumbo. Husikiliza moyo na mapafu. Hubonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha huachia: katika mnyama mwenye afya wekundu hurudi kwa muda usiozidi sekunde 2 hivi. Ufizi mweupe huashiria upungufu wa damu, na wa manjano huashiria maradhi ya ini au kuvunjika kwa chembe za damu. Ngozi ya mgongoni ikivutwa na kukawia kurudi, mwili huenda umepungukiwa maji.

Joto hupimwa kwa kipimajoto kinachotiwa katika njia ya haja kubwa. Vipimo vya kawaida, kwa makadirio, ni hivi:

Binadamu mzima: joto nyuzi 37 za sentigredi, mapigo ya moyo 60 hadi 100 kwa dakika.
Mbwa: joto nyuzi 38 hadi 39, mapigo 70 hadi 120.
Paka: joto nyuzi 38 hadi 39, mapigo 140 hadi 200.

Yaonekana basi kwamba mbwa mwenye afya huwa na joto kuliko mtu, na mkono wa mtu hauwezi kuamua kama mbwa ana homa. Wala ukavu wa pua si kipimo cha kutegemewa.

Mnyama mwenye maumivu huweza kumwuma hata bwana wake. Hivyo mwenyewe asikasirike mbwa wake anapovishwa kifunga mdomo, au anapoombwa yeye asimame kando msaidizi amshike mnyama.

Maabara

Dalili moja huweza kuwa na sababu nyingi. Mbwa aliyelegea, mwenye homa na ufizi mweupe, huenda ana babesia, vijidudu viletwavyo na kupe na kuishi ndani ya chembe nyekundu za damu. Huenda pia ana malale ya wanyama, yaletwayo na mbung'o, au minyoo inayonyonya damu utumboni. Tone la damu hutandazwa juu ya kioo, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Kinyesi hutafutwa mayai ya minyoo. Kila ugonjwa una dawa yake, na kwa hiyo gharama ya kipimo mara nyingi huwa ndogo kuliko hasara ya dawa isiyohusika. Pale penye vyombo, eksirei huonyesha mifupa iliyovunjika.

Idhini na gharama

Kabla ya upasuaji daktari hueleza kusudi lake, hatari zake na makadirio ya gharama, na mwenye mnyama hutakiwa kutoa idhini. Ana haki ya kuuliza kama iko njia nyingine. Akiambiwa kwamba mnyama asile kwa saa kadhaa kabla ya dawa ya usingizi, atii; mnyama akitapika hali amelala, matapishi huweza kuingia mapafuni. Vitoto vidogo visishindishwe njaa bila maelekezo, kwa maana sukari ya damu yao hupungua upesi.

Iko pia siku ambayo daktari atasema kwamba tiba haipo, na kwamba lililobaki ni kumwondolea mnyama mateso kwa sindano ya kumfisha bila maumivu. Uamuzi huo ni mzito, na haufanywi bila ridhaa ya mwenyewe. Aulize maswali yake yote, na akitaka kuwapo, aseme.

Chanjo ya kichaa cha mbwa

Hata mbwa aliyeletwa kwa kidonda kidogo ataulizwa juu ya chanjo hii. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishadhihiri kwa mtu, kupona ni nadra mno. Lakini virusi husafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na katika muda huo chanjo huweza kuwahi. Louis Pasteur alithibitisha hayo mwezi Julai 1885, alipomwokoa mtoto Joseph Meister aliyeumwa na mbwa.

Mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali ya watu siku ile ile. Mbwa aliyeuma, ikiwezekana bila hatari, afungiwe na kutazamwa na daktari wa wanyama kwa siku 10. Lakini mtu asingoje siku hizo ndipo aanze tiba. Mbwa akifa, kichwa chake kisipondwe, kwani ubongo ndio upimwao maabara. Watoto wa mbwa huchanjwa wafikapo miezi 3, na chanjo hurudiwa kama cheti kinavyoagiza. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, mnyororo wa maambukizo hukatika.

Kurudi nyumbani

Mwenye mnyama asiondoke kabla ya kuelewa jina la dawa, kipimo, saa za kutoa na siku ya kurudi. Dawa za kuua bakteria zimalizwe kama zilivyoagizwa, hata mnyama akichangamka mapema. Mshono ulindwe asiulambe. Hali ikibadilika kuwa mbaya, siku ya miadi isingojwe.

Hitimisho

Mnyama hana kinywa cha kujieleza, lakini ana mtu anayemwona kila siku. Ayaonaye mabadiliko mapema, akayaeleza kwa ukweli, huwa amekwisha kufanya nusu ya kazi ya tabibu, na huenda akawa amewakinga na watu wa nyumbani mwake.

Maswali na zoezi

1. Kwa nini daktari hawezi kutoa kipimo sahihi cha dawa bila kujua uzito wa mnyama?
2. Eleza kwa nini parasetamoli humdhuru paka kuliko mtu.
3. Kwa nini mbwa aliyeuma hutazamwa kwa siku 10 badala ya kuuawa papo hapo, na kwa nini mtu aliyeumwa hasubiri?
4. Zoezi: Mwanafunzi mwenye mbwa au paka nyumbani amtazame akiwa amelala, bila kumgusa. Ahesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 30, azidishe kwa 2, na kuandika matokeo kwa siku 7. Darasa lijadili: daktari angefaidikaje na daftari hilo siku mnyama huyo atakapougua?