Bima ya Pikipiki: Vidokezo kwa Watu wa Feri

Kwenye kijiwe cha bodaboda pale Feri, katikati ya pantoni la Kigamboni na soko la samaki, mabishano hayaishi: Simba na Yanga, halafu nani kapata stika ya bima kwa bei poa. Hilo la Simba na Yanga tuwaachie wenyewe. La stika lina majibu.

1. Jua unanunua ipi. Bima ndogo inamlipa mtu mwingine: uliyemgonga na, kwa kawaida, mali yake uliyoiharibu. Pikipiki yako ikilaliwa na lori la mchanga, hiyo ni juu yako. Bima kubwa inaongeza chombo chenyewe: ajali, moto, wizi. Sheria inakulazimisha kuwa na ndogo tu. Mwenye Boxer iliyokwishachoka hana haja ya kujikamua kwa ajili ya kubwa. Aliyeitoa mpya dukani Kariakoo wiki iliyopita ana sababu zote.

2. Kwenye bima ndogo, usimalize soli ya viatu ukisaka bei. TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, imeweka kiwango cha chini ambacho kampuni haitakiwi kushuka chini yake. Ndiyo maana ukitembea Samora nzima utasikia bei zinazofanana. Kinachobadilika ni namna wanavyokutajia: mmoja anasema 50,000 kabla ya kodi, mwingine 59,000 pamoja na VAT ya asilimia 18, na wote wawili wanasema kitu kilekile. Anayekupa nusu ya bei ya wenzake anakuuzia karatasi. Badala ya bei, ulizia ulipaji: waulize madereva waliowahi kupata ajali ni kampuni ipi iliwalipa bila kuwazungusha. Hapo kijiwe kina taarifa nyingi kuliko tangazo lolote.

3. Hakiki kabla hujaagana na wakala. Stika siku hizi ni za kielektroniki. Ingia kwenye mfumo wa TIRA, tiramis.tira.go.tz, uandike namba ya pikipiki, ile inayoanza na MC. Soma jina la kampuni, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na aina ya bima. Ukilipa halafu mfumo haukuoni, usiwashe pikipiki mpaka ueleweshwe. Na risiti ya EFD dai, hata kama wakala ni shemeji yako.

4. Sema kweli kuhusu matumizi. Hapa ndipo watu wanapojikaanga wenyewe. Fomu inauliza: binafsi au biashara? Binafsi huwa inaonekana rahisi, mtu anaweka alama ya vema, kesho yuko pantoni anaita “Posta, Posta, mmoja!” Siku ya ajali kampuni itauliza abiria alikuwa nani na alilipa shilingi ngapi. Ikigundulika ulikuwa kazini, umewapa sababu ya kukataa, na majeruhi atakutafuta wewe. Ukibeba abiria, kata bima ya biashara, kisha uliza waziwazi kama abiria aliyekaa nyuma yako anaingia ndani ya mkataba. Mshikaki nao ni hivyohivyo: ukipakia wawili kwa pamoja, usitarajie kampuni ikuonee huruma. Anayebeba ndoo za samaki alfajiri kwenda Tandika aseme nalo.

5. Kuzunguka kunalipa kwenye bima kubwa. Bei yake ni asilimia ya thamani ya pikipiki, na kampuni zinatofautiana. Pata bei tatu zilizoandikwa: moja ya kampuni yenyewe, moja ya broka anayefanya kazi na kampuni nyingi, moja ya benki yako, maana benki nazo zinauza bima. Kutoka Feri ni mwendo wa miguu tu, ofisi zimejaa Sokoine Drive na Samora, NIC ikiwemo.

Ukishazipata, usiangalie namba ya chini kabisa peke yake. Tuseme pikipiki ni ya 3,000,000. Kampuni ya kwanza inataka asilimia 5, yaani 150,000, na ukiweka VAT 177,000. Ya pili inataka asilimia 6: 180,000, na VAT 212,400. Ya kwanza ni nafuu kwa 35,400. Lakini geuza ukurasa usome kiasi utakachochangia mwenyewe pikipiki ikiibwa. Kama ya kwanza inakukata 300,000 na ya pili 150,000, ile nafuu imeshaliwa na hasara. Uliza pia kama kuna punguzo kwa kufunga kifaa cha kufuatilia pikipiki, na kwa mteja aliyemaliza mwaka bila kudai fidia.

6. Thamani iwe ya kweli. Ukiishusha ili ulipe kidogo, na fidia itashuka. Ukiipandisha, unalipia pesa usizozipata, kwa sababu kampuni italipa bei ya soko ya siku hiyo.

7. Walio kwenye mkopo au mkataba wa hesabu, muulizeni mwenye chombo: bima imekatwa kwa jina la nani, na pikipiki ikiibwa fidia inakwenda kwa nani? Wapo wanaopeleka hesabu kila jioni mwaka mzima, halafu pikipiki inaibwa na hela yote inaishia kwa mkopeshaji. Iandikeni kwenye mkataba mapema. Na ukinunua pikipiki iliyotumika, badili jina la kadi TRA, kisha badili na bima.

8. Kutu si ajali. Upepo wa bahari na maji ya barafu yanayodondoka kwenye makreti ya samaki vitakula cheni na rimu zako, na hakuna bima inayolipa uchakavu. Maji baridi na grisi, basi.

9. Ukigonga au ukigongwa, piga picha, ita polisi, usiahidi malipo barabarani. Majeruhi anahitaji PF3 kwa matibabu, wewe unahitaji ripoti ya polisi ya ajali, PF90. Ijulishe kampuni siku hiyohiyo.

10. Kampuni ikikugomea bila sababu ya maana, omba ikuandikie barua. Ukiwa nayo, pamoja na mkataba wako na ripoti ya polisi, nenda Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ipo kwa ajili ya mteja kama wewe, na huduma yake ni bure.