Kufundisha Ukinzani wa Umeme kwa Kutengeneza Waya wa Spika

Mara nyingi somo la umeme hufundishwa kwa mchoro ubaoni. Mwanafunzi hunakili saketi, hukariri kwamba waya mrefu na mwembamba una ukinzani mkubwa, na baada ya mtihani husahau. Makala hii inaeleza njia ya kumwezesha kuliona jambo hilo kwa macho yake, huku shule ikipata waya wa spika kutokana na kipande cha kebo ya mtandao wa kompyuta kilichotupwa.

1. Madhumuni

Mwisho wa somo, mwanafunzi wa madarasa ya juu aweze: (a) kueleza jinsi urefu na unene wa waya unavyoathiri mkondo wa umeme, (b) kuunganisha waya sambamba, (c) kutaja kwa nini waya huu haufai kwa umeme wa nyumbani.

2. Vifaa

Kebo ya mtandao ya mita 20, betri mbili za tochi, balbu ya tochi yenye uzi ndani, wembe, koleo, tepu ya mafundi umeme na rula.

3. Matayarisho ya Mwalimu

Ndani ya kebo ya kawaida mna nyaya 8 zilizosokotwa mbili mbili. Rangi zake ni buluu, chungwa, kijani na kahawia, na kila moja ina mwenzake mweupe wenye mstari wa rangi hiyo. Kila waya una kipenyo cha nusu milimita hivi. Ukwangue kwa wembe: ukiwa mwekundu hadi ndani, ni shaba, ukionyesha weupe, ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo ukinzani wake ni mkubwa zaidi na hukatika upesi. Chagua ya shaba.

4. Hatua za Somo

Hatua ya kwanza: Washa balbu karibu na betri. Kisha iwashe kupitia jozi moja tu ya nyaya, kwa urefu wote wa kebo. Kabla ya kuunganisha, waulize wanafunzi watabiri kitakachotokea, na uandike majibu yote ubaoni, hata yaliyo mabaya. Mwanga utafifia.

Hatua ya pili: Wanafunzi wachune ganda la nje sentimita 10 kila upande, kisha sentimita 2 za kila waya. Nyaya nne za rangi kamili zisokotwe pamoja. Hizo zitakwenda kwenye alama ya chanya. Nne nyeupe zenye mistari zisokotwe pamoja kwa ajili ya hasi. Wafanye vivyo hivyo upande wa pili.

Hatua ya tatu: Rudia jaribio la balbu. Mwanga utaongezeka. Waongoze kwenye hesabu. Waya mmoja una ukinzani wa omu 0.084 hivi kwa kila mita. Kwenda na kurudi ni mita 40, yaani omu 3.36. Nyaya nne zikifanya kazi sambamba, ukinzani hugawanywa kwa 4 na kuwa omu 0.84. Spika nyingi zina omu 8. Kwa hiyo, kwa jozi moja, takriban asilimia 30 ya volti hupotea njiani. Kwa nyaya zote, asilimia 10 tu.

Hatua ya nne: Ncha za mbali zikiwa zimeachanishwa, pima kwa betri na balbu kati ya fungu la chanya na la hasi. Balbu ikiwaka, nyaya zinagusana mahali fulani, na amplifaya ingeweza kuungua. Zitenganishe, pima tena, ndipo ufunge tepu. Amplifaya izimwe wakati wa kuunganisha spika. Waya utandazwe ukutani, kwani shaba ya uzi mmoja hukatika ikikunjwa mara kwa mara.

5. Tahadhari

Hapa ndipo pasipofaa haraka. Mtoto aliyefurahia kutengeneza waya atataka kuutumia nyumbani. Asipoambiwa waziwazi, anaweza kuuchomeka kwenye soketi ya ukutani yenye volti 230. Ganda na unene wa nyaya hizi havikukusudiwa kazi hiyo: waya unaweza kupata moto na kuunguza nyumba, au kumwua anayeushika. Usimalize kipindi kabla kila mwanafunzi hajaeleza kwa maneno yake tofauti ya betri ya tochi na umeme wa ukutani. Asiyeweza kueleza bado hajafundishwa, hata kama waya wake umefungwa vizuri.

6. Zoezi kwa Mwanachuo

Andaa somo hili kwa darasa la wanafunzi 60 wenye kebo moja tu. Onyesha kila kikundi kitafanya nini katika kila hatua, na maswali mawili utakayoyauliza kabla ya kila jaribio. Kumbuka kwamba mwalimu akishika koleo kipindi kizima, atapata waya mzuri, lakini wanafunzi watakuwa wametazama fundi akifanya kazi yake.