Riale ya Babu

Swali: Babu ameniachia riale ya fedha ya mwaka 1780 na heller za Mjerumani. Nikinunua nyingine za aina hii niuze, nitapata faida?

Jibu: Faida ipo, ila tarehe isikudanganye. Riale kama ya babu yako, iitwayo ya Maria Theresa, iligongwa tena na tena kwa mwaka uleule wa 1780, hata karne ya 20, hivyo nyingi huuzwa karibu na bei ya fedha iliyomo. Sarafu za Mjerumani za heller 20, zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916, nazo ziligongwa kwa wingi. Bei hupanda kwa zile ambazo hazijachakaa. Sarafu inayotafutwa kweli ni ya dhahabu, rupia 15 yenye picha ya ndovu, iliyogongwa Tabora mwaka huohuo: hazikuzidi sana 16,000. Ndiyo maana za bandia zimejaa. Ukipata moja, nenda nayo kwa sonara aipime. Halisi ina uzito wa gramu 7 na ushei.

Bei ya katalogi si utakayolipwa, kwani mchuuzi naye lazima ale. Na tafadhali, usizisugue kwa ndimu na majivu! Wakusanyaji hutaka ule weusi wa miaka. Sarafu iliyong'arishwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani.