Vipeo: Kanuni Usizohitaji Kukariri

Mwulize mwanafunzi 2³ ni ngapi, na mara nyingi atajibu 6. Amezidisha 2 kwa 3. Lakini ile namba ndogo ya juu, yaani kipeo, haizidishi namba ya chini. Inatuambia namba ya chini iandikwe mara ngapi katika kuzidisha. Kwa hiyo 2³ ni 2 × 2 × 2, ambayo ni 8.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa nje ya darasa. Mtu akikopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, nayo riba ikaongezwa juu ya deni kila mwezi bila yeye kulipa chochote, baada ya mwaka hadaiwi 220,000. Anadaiwa 100,000 × 1.1¹², takriban 313,843. Anayekopa anastahili kuijua hesabu hii kabla ya kutia saini.

Kanuni zenyewe zinatokana na kuhesabu tu. Andika 2³ × 2⁴ kwa kirefu: mbili tatu, kisha mbili nne, zote zinazidishana. Jumla ni mbili saba, basi jibu ni 2⁷, yaani 128. Ndiyo maana vipeo hujumlishwa. Kwenye 2⁵ ÷ 2³, mbili tatu za juu hukatana na tatu za chini, inabaki 2². Hapo vipeo vimetolewa. Nayo (2³)² ni 2³ × 2³, yaani 2⁶. Ukisahau kanuni mtihanini, rudi kwenye kirefu.

Angalia tu kwamba namba za chini zifanane. 2³ × 5² haiunganishwi hivyo. Wala kanuni hizi si za kujumlisha: 2³ + 2⁴ ni 8 + 16, yaani 24.

Kipeo sifuri ndicho huwatatiza wengi, na kuambiwa "jibu ni 1, shika hivyo" hakumsaidii mtu. Shuka polepole: 2³ ni 8, 2² ni 4, 2¹ ni 2. Kila hatua umegawanya kwa 2. Gawanya tena, 2⁰ ni 1. Endelea kushuka: 2⁻¹ ni ½, 2⁻² ni ¼. Alama ya kutoa kwenye kipeo haikuleta jibu hasi, imeleta sehemu. Njia hiyohiyo inafaa kwa 5, kwa 10, kwa namba yoyote isipokuwa sifuri, kwa sababu hakuna kugawanya kwa sifuri.