Kukata Mboga Upesi Bila Kujiumiza

Katika nyumba za Makorora, mjini Tanga, si ajabu kuona mchicha ukikatwa mkononi, kisu kikielekea kidole gumba. Njia hiyo yachelewesha chakula, tena yaumiza. Twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu njia iliyo bora.

Kwanza, noa kisu. Kisu butu hutaka nguvu, na nguvu ndiyo hukitelezesha kikakata kidole. Pili, osha mboga kabla ya kuzikata. Zikioshwa baadaye, vitamini C huyeyuka ikamwagwa pamoja na maji. Tatu, tumia ubao, na chini yake tandika kitambaa kilicholowa usiteleze.

Majani ya mchicha au matembele yapangwe pamoja, yakunjwe kama jamvi, kisha yakatwe kwa mkupuo. Kabeji ipasuliwe vipande vinne, upande ulio bapa ulale ubaoni. Kitunguu kipasuliwe katikati, na kitako kisiondolewe mpaka mwisho, maana ndicho kinachoshika maganda yasitawanyike. Vidole vinavyoshika mboga vikunjwe, ncha zielekee ndani.

Lakini kisamvu kisifanyiwe haraka. Majani ya muhogo yana sumu, na kuyakata tu hakutoshi. Yatwangwe mpaka yalainike, kisha yachemshwe sana, sufuria ikiwa wazi, ili sumu itoke pamoja na mvuke.

Basi, enyi walimu, wafundisheni haya wasichana na wavulana pia. Mpishi hodari ni yule amalizaye kazi mapema, vidole vyake vizima, na walaji wake wazima.