Kila Kosa na Jina Lake



Kabla ya kuja hapa Gitega nilisoma katika shule nyingine ya bweni, ambayo sitaitaja jina. Huko nilikuwa kiranja wa bweni, na kazi yangu moja ilikuwa kuandika katika daftari kila jambo baya lililotokea. Muhula mmoja niliandika mambo matatu. Kwanza, blanketi lililoanikwa uani lilichukuliwa. Pili, tulipokuwa kanisani, mtu aliingia bwenini kwa dirisha bovu akatoa nguo katika sanduku la mwenzetu. Tatu, mtoto wa darasa la kwanza alizuiwa njiani jioni, akatishwa kwa fimbo, akatoa fedha zake zote.

Mambo yote matatu niliyaandika kwa maneno mamoja tu: "Vitu vimepotea." Wakubwa walisoma, wakaona kwamba vitu vitatu kupotea katika muhula mzima si neno. Dirisha halikutengenezwa. Muhula uliofuata mtu akaingia tena kwa dirisha lile lile, safari hii usiku. Mwenzetu aliamka, akapigwa kwa chuma, akavunjika mkono. Mkono ulipona, lakini yeye hakurudi shuleni tena.

Wakati wa likizo nilimweleza mjomba wangu habari hiyo. Yeye huuza nguo sokoni Muyinga. Akaniambia: "Mpwa wangu, hapa sokoni mtu akija kulia kwamba ameibiwa, sisi humwuliza kwanza: umenyang'anywa, umevunjiwa, au umechukuliwa hali unatazama pengine? Maana dawa zake si moja. Mnyang'anyi dawa yake ni polisi, na watu kufuatana njiani. Mvunjaji dawa yake ni kufuli na mlinzi. Kibaka dawa yake ni kila mtu kuangalia mfuko wake. Wewe uliandika ugonjwa mmoja, nao walikuwa wagonjwa watatu."

Tangu siku hiyo nimejifunza namna makosa yanavyogawanywa, na leo napenda kuwagawia wenzangu nilichokipata.

SHERIA YA VYUO VYA MAREKANI

Nchi ambayo imeandika jambo hili kwa urefu ni Marekani. Tarehe 5 Aprili 1986, msichana aitwaye Jeanne Clery, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lehigh katika jimbo la Pennsylvania, aliuawa chumbani mwake bwenini. Alikuwa na miaka 19, sawa na umri wangu leo. Aliyemwua alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho, naye alipita katika milango ambayo ilipaswa kujifunga yenyewe, lakini watu walikuwa wameizuia isijifunge. Baadaye wazazi wake walisema kwamba katika miaka 3 iliyotangulia yalikuwa yametokea makosa 38 ya nguvu chuoni hapo, nao hawakuambiwa.

Wazazi hao hawakukaa kimya. Mwaka 1990 ikatungwa sheria, ambayo mwaka 1998 ilipewa jina la binti yao. Chuo chochote ambacho wanafunzi wake hupata msaada wa fedha wa serikali kuu lazima kitangaze kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Oktoba kupita, hesabu ya makosa ya miaka 3 iliyopita. Mwezi wa Desemba 2024 sheria hiyo iliongezwa, ili hata mateso wanayofanyiwa wanafunzi wageni na wenyeji wao yahesabiwe.

Makosa yamewekwa katika mafungu manne:

1. Makosa makubwa: kuua, makosa ya kingono, unyang'anyi, shambulio la kudhuru mwili, kuingia jengoni kwa nia ya kuiba, wizi wa magari, na kuchoma moto.
2. Nguvu baina ya wapenzi au watu wa nyumba moja, na kumfuatafuata mtu hata akaishi kwa hofu.
3. Makosa yanayotendwa kwa chuki, kwa sababu ya rangi, dini, kabila, ulemavu na kadhalika.
4. Watu waliokamatwa au kupelekwa mbele ya wakubwa wa chuo kwa ajili ya silaha, madawa ya kulevya au pombe.

Tena huandikwa mahali: ndani ya chuo, bwenini, katika nyumba za chuo zilizo mbali, au katika njia ya watu wote inayopakana na chuo.

Msomaji atauliza, je, wizi mtupu uko wapi? Haumo, ila ukiwa umetendwa kwa chuki. Kalamu iliyochukuliwa juu ya meza ya maktaba haihesabiwi. Si kwamba wizi ni halali, bali orodha hii imewekwa hasa ili mtu ajue hatari iliyo juu ya mwili wake na mahali anapolala.

KANUNI TATU ZA KUHESABU

Kwanza, tukio moja lenye makosa mengi kwa kawaida huhesabiwa kwa kosa lililo juu zaidi. Mtu akimnyang'anya mwanafunzi saa na kumkata kwa panga, huandikwa unyang'anyi, kwa kuwa katika orodha unyang'anyi umekaa juu ya shambulio. Lakini kuchoma moto huhesabiwa siku zote, hata kukiwa pamoja na kosa lingine.

Pili, kujaribu nako huhesabiwa. Aliyeingia chumbani ili aibe, akakimbizwa kabla ya kugusa kitu, ameandikwa tayari.

Tatu, hesabu haingoji hukumu. Kinachohesabiwa ni tendo lililoarifiwa, wala jina la mtu halitangazwi. Kanuni hii naipenda kuliko zote. Kulitaja tendo ni kazi ya mwenye daftari. Kumhukumu mtu ni kazi ya hakimu. Wengi wetu hunyamaza kwa kuogopa kumsingizia mwenzetu, kumbe twaweza kuandika yaliyotendeka bila kumtaja mtu ye yote.

SHERIA ZA KWETU

Hapa Burundi sheria ya adhabu ya 2009, iliyofanywa upya mwaka 2017, nayo hutenga wizi mtupu na wizi wa kutumia nguvu au vitisho. Majirani zetu wa Kenya wanatazama hata saa. Aliyevunja nyumba ya kulala watu mchana aweza kufungwa miaka 7. Akiivunja usiku, miaka 10. Na usiku katika sheria yao huanza saa kumi na mbili na nusu jioni na kwisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sababu yake ni rahisi kufahamu: aingiaye usiku atawakuta watu wamelala. Mwenzetu aliyevunjika mkono aliijua sababu hiyo bila kusoma kitabu.

JIPIME

Hebu turudi kwenye daftari langu. Jiulize maswali matatu: Je, nguvu au vitisho vilitumika? Je, mtu aliingia mahali asiporuhusiwa? Je, mtu aliumizwa?

Blanketi la uani: hapana, hapana, hapana. Huo ni wizi mtupu. Dirisha la bweni: mtu aliingia kwa nia ya kuiba, basi ni uvunjaji. Mtoto wa njiani: alitishwa, basi ni unyang'anyi, ingawa fedha zenyewe zilikuwa chache. Thamani ya kitu haigeuzi jina la kosa hilo.

Kama ningaliandika hivyo, daftari lingalisema: wizi mmoja, uvunjaji mmoja kwa dirisha bovu, unyang'anyi mmoja njiani jioni. Nani angaliyasoma hayo akaliacha dirisha lile kama lilivyo? Sidai kwamba lazima mwenzetu angalipona, lakini wakubwa wangalijua, na kujua ndiko mwanzo wa kutenda.

Ndugu zangu, sisemi shule zetu ziige sheria ya Marekani neno kwa neno. Shule yetu haina polisi wake, ina mlinzi mmoja na taa yake. Lakini daftari tunalo, kalamu tunayo, na maneno ya Kiswahili yanatosha. Basi kiranja atakayesoma haya aandike tendo, mahali, siku na saa, tena alipe kosa jina lake. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi niliyaficha kwa neno moja tu, wala sikujua kwamba nayaficha.