SOMO: Kwa Nini Kaya Hujiunga na Bima au Husita?

Husemwa mara nyingi kwamba kaya zenye kipato kidogo hazijiungi na bima kwa sababu ya umaskini na ukosefu wa elimu. Katika wilaya za Tarime na Serengeti yapo mambo mengine yanayofaa kuangaliwa.

Tuchukue mfano wa Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ilitakiwa kuchangia Sh. 30,000 kwa mwaka.

1. Msimu wa fedha. Mkulima hupata fedha anapouza kahawa au mahindi, na mfugaji anapouza ng'ombe. Mchango ukidaiwa wakati wa palizi, hata mwenye nia hana cha kutoa.

2. Imani kwa huduma. Mwanachama akiambiwa zahanati haina dawa akanunue dukani, amelipa mara mbili. Majirani wakisikia, nao husita.

3. Kinga zilizopo. Watu wana ng'ombe, ndugu, vikundi vya kuzikana na mfuko wa jamii wa VICOBA. Kinga hizi husaidia sana, lakini zina kikomo. Maksai akiuzwa kulipia upasuaji, shamba hulimwa kwa jembe la mkono, mavuno hupungua, na mwaka unaofuata kaya haina mchango.

4. Hofu kubwa zaidi. Vijijini karibu na Hifadhi ya Serengeti, tembo huweza kumaliza shamba kwa usiku mmoja. Kifuta jasho kilichowekwa na kanuni za mwaka 2011 si fidia kamili, na bima ya afya hailindi mazao.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka wajibu wa kujiunga. Hata hivyo, sheria peke yake haijazi dawa kabatini.

Maswali kwa kamati za parokia:
- Kwetu fedha huingia miezi gani?
- Zahanati yetu ina dawa?
- Kikundi kipi kinaweza kukusanya mchango kidogo kidogo?

Kwa wafadhili wetu: kumlipia mtu mchango mara moja humsaidia mwaka mmoja. Kuziwezesha kamati kufuatilia huduma na kuweka akiba wakati wa mavuno kutamsaidia ajilipie mwenyewe miaka inayofuata.